Milimita Nilizopunguza

Tarehe 2 Machi

Mvua imeanza, na mume wangu ametangaza kifo. Mtutu wa bunduki yake ya shabaha umekufa. Alitangaza mezani, kijiko mkononi, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Umekwisha, bibie. Risasi zinatawanyika kama kuku walioona mwewe."

Nikamuuliza mtutu unakufaje, ulikuwa na homa? Hakucheka.

Basi msimu huu wa mvua tunatafuta bunduki nyingine, kisha tuitafutie risasi zinazoelewana nayo, ili awe tayari kwa shindano la kufunga msimu mwishoni mwa Mei. Miaka kumi na moja hajatoka kwenye timu ya klabu. Pale wanamwita Tundu Moja, kwa sababu alikuwa akipiga risasi kumi kutoka mita hamsini, ukienda kuangalia karatasi unakuta tundu moja tu lililopanuka kidogo. Tangu alipostaafu upimaji wa ardhi, jina hilo ndilo cheo pekee alichobaki nacho.

Ameniomba niandike kila kitu, tuwe na kumbukumbu. Mimi ni fundi cherehani na daftari hili ni la vipimo vya wateja, kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega ya watu. Nitapima mimi, amesema, kwa kuwa mkono wangu hautetemeki, na kwa kuwa tarakimu za kalipa, kile chuma cha kupimia milimita, zimechongwa kwa ajili ya siafu. Haya, nimekubali.

Tarehe 3 Machi

Mvua kutwa. Nimemaliza sare saba za wauguzi.

Tarehe 7 Machi

Uwanja wa shabaha. Watu wanalala juu ya mikeka chini ya paa la bati, mbele yao kuna nyasi mita hamsini, halafu ukuta wa udongo. Katikati vibendera vidogo vinaonyesha upepo. Mvua ikipiga bati husikii hata bunduki ya jirani.

Alipiga kumi kwa ile bunduki ya zamani. Namna ya kupima ni rahisi: unashika na kalipa yale matundu mawili yaliyoachana zaidi, ukingo hadi ukingo, unatoa unene wa risasi, kinachobaki ndicho kipimo cha kundi. Zamani alikuwa anapata tisa, kumi. Leo milimita ishirini. Nilipomsomea akasema hata karatasi zenyewe ni mbovu, mchapishaji hajui kazi, mduara wa ndani umebonyea upande mmoja.

Nikaitazama ile karatasi. Mduara ulikuwa mduara.

"Mtutu umekufa," nikasema, "mchapishaji amelewa, nani mwingine amebaki?"

"Upepo," akajibu, na hapo angalau akacheka.

Tarehe 9 Machi

Binti yetu amepiga simu kutoka huko anakofanya kazi. Anauliza kwa nini siku hizi ujumbe wa baba yake unasomeka kama wa mtu aliyekalia simu. Baba yake amesema simu ni ndogo na vidole ni vikubwa.

Tarehe 12 Machi

Siku ndefu, nitaiandika yote.

Duka la fundi bunduki liko nyuma ya ghala la mbao, milango miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine. Fundi ni mtu mfupi na mpole, anazungumza na bunduki kuliko anavyozungumza na watu. Alitutolea mbili, zote za risasi ile ndogo ambayo pini huigonga ukingoni badala ya katikati. Ya kwanza ina kitako cha mbao, imeng'arishwa hadi unajiona. Ya pili ni fremu ya alumini yenye skrubu kila mahali. Mume wangu aliiita kitanda cha hospitali.

"Mzee, hii hainunuliwi kwa uzuri," fundi akamwambia. "Inapimwa mwilini, kama suti."

Nilifurahi kusikia hivyo. Nikatoa utepe wangu mfukoni, nikampima mume wangu palepale dukani kutoka kiwiko hadi kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada, na fundi akarefusha kitako kufuata kipimo changu. Ile ya mbao ilimkunja shingo na haikuwa na pa kulegeza. Ile ya alumini unapandisha pa kuegemea shavu, unasogeza pa bega, mpaka mtu analala nayo bila kujikaza popote. Mtutu wake ni mnene, hautikisiki ovyo. Kifyatulio ni chepesi, ukikigusa tu kimeitika, kwa maana kifyatulio kizito humfanya mtu avute bunduki yote pembeni. Mambo haya aliyaeleza polepole, na mume wangu alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Sijamwona hivyo tangu astaafu.

Lakini kila alipoweka shavu, hakutulia. Alikuwa anageuza kichwa kidogo kushoto, kidogo kulia, kama anayechungulia nyuma ya nguzo. Fundi akapandisha, akashusha. Bado.

"Shingo inaniuma," mume wangu akasema.

Akachagua kitanda cha hospitali. Kibali chetu ni cha bunduki moja, kwa hiyo ya zamani inabaki dukani itafutiwe mtu mwingine. Akaenda ofisi ya mbele kujaza fomu. Fundi akaichukua ile ya zamani, akaifunga kwenye jiliwa lililokazwa juu ya meza ya zege, kule nyuma alikojenga njia ya kujaribia. Jiliwa halina moyo wala kikohozi, linashika bunduki jinsi ilivyo. Akapiga kumi, akaniletea karatasi, nikapima.

Tisa.

Nikapima tena. Tisa.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "huu mtutu ni mzima. Mzima kabisa. Angalia jinsi mzee anavyogeuza kichwa. Anakwepa kitu kilichoko katikati. Mpeleke akaonwe macho."

"Wewe mwambie."

"Mimi muuzaji, atasema namzungusha. Na hizi habari zinatoka kwa mke."

"Nitamwambia," nikasema.

Mume wangu ana jicho moja tu. La kushoto lilipigwa na waya wa kupimia ardhi akiwa kijana, linaona mwanga na vivuli basi. Mwenyewe huliita jicho la mapambo. Kwa hiyo fundi aliposema macho, alikuwa anasema kitu kimoja: lile jicho lililobaki.

Akarudi na fomu yake, uso umefunguka. Akanishika bega. "Bibie, tutawaonyesha." Njia nzima ya kurudi nyumbani alizungumza juu ya mtutu. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi, nikalimeza. Nikasema kesho.

Tarehe 13 Machi

Sikusema.

Tarehe 14 Machi

Sikusema. Mvua.

Tarehe 20 Machi

Kibali kimegongwa muhuri na bunduki mpya iko nyumbani, imefungiwa kwenye kabati la chuma. Ya zamani imechukuliwa na mwanachama mpya wa klabu, mkunga mmoja wa zahanati, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu. Alikuja kumshukuru mume wangu.

"Shikamoo mzee. Nimeambiwa hii ilikuwa yako. Nitaitunza."

"Marahaba, mwanangu. Itunze, lakini usiitegemee. Imezeeka kama mimi."

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba la maji bila kuosha kitu.

Tarehe 27 Machi

Binti amepiga tena, nikamwambia tuko salama. Mashine ya kushonea imekatika mkanda.

Tarehe 4 Aprili

Majaribio ya risasi yameanza. Kumbe hapa ndipo kwenye kazi.

Kwanza unaacha zile za kasi. Zinatoka haraka kuliko sauti, halafu njiani zinapoa na kurudi chini ya kasi hiyo, na pale pa kurudi zinayumba. Unachukua za polepole. Kisha hata za polepole, za kiwanda kimoja na boksi la rangi moja, hazifanani: kila toleo lina namba yake ubavuni mwa boksi, na bunduki inaweza kulipenda toleo hili na kulichukia lile la wiki iliyofuata. Hakuna anayejua kwa nini. Ukilipata linalopendwa, unanunua maboksi yake yote yaliyopo, kwa sababu likiisha halitengenezwi tena.

Fundi alitupa matoleo matatu. Unapobadilisha toleo unapiga ishirini za bure kwanza, mtutu uzoee nta ya risasi mpya, halafu kumi za kuhesabu. Toleo la kwanza, boksi la buluu: milimita ishirini na nne. Nikamsomea ishirini na nne. Akaokota maganda moja moja, akayahesabu. Mabega yake yalishuka, akawa mzee mbele ya macho yangu. Mimi nimeshona makoti ya huyu mtu miaka thelathini na mbili, nayajua mabega yake.

Tarehe 6 Aprili

Boksi jekundu. Ishirini na mbili kwa kalipa. Nikasema kumi na tisa.

Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi. Hasomi chochote siku hizi, amesema anapumzisha akili. Tatu tu nimepunguza. Mteja akiongezeka kiuno naye namwambia kitambaa ndicho kilichoruka.

"Tunasogea," akasema.

Tarehe 8 Aprili

Leo nilijikaza nimwambie kuhusu jiliwa. Nilimkuta amesimama kibarazani anatazama mvua, ameziba jicho la kushoto kwa kiganja, halafu akaliachia, akaziba la kulia, halafu akaliachia. Aliponisikia akajifanya anajikuna kope. Nikajifanya nimefuata ndoo. Tuko wawili nyumbani na kila mtu anacheza mchezo wake.

Nina hasira naye. Kwa nini hasemi yeye? Jicho ni lake.

Tarehe 13 Aprili

Boksi la kijani. Upepo ulikuwa umelala, vibendera vimeganda, mvua imekatika tangu asubuhi. Siku ambayo hakuna cha kusingizia. Alilala mkekani muda mrefu kabla ya kila risasi, kichwa kinatafuta, kinatafuta. Alipomaliza alinifuata mwenyewe hadi kwenye karatasi, jambo ambalo halifanyi, akasimama karibu sana nami. Jasho lilikuwa linamtoka na hakuna joto.

"Ngapi, bibie? Niambie kweli."

Ilikuwa ishirini na moja. Nikaona ile ishirini na moja, nikaona uso wake, nikaigeuza.

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili?"

"Kumi na mbili. Nimepima mara mbili."

Akavua kofia. Akaangalia juu, akapumua kama mtu aliyetua gunia. Halafu akanikumbatia palepale uwanjani, mbele ya watu, mtu ambaye hata siku ya harusi yetu alinishika mkono kwa haya. Mkunga akapiga makofi kutoka mkeka wake, akidhani ni ushindi.

Nilikuwa na furaha, sitadanganya na hapa. Kwa dakika tano niliamini kumi na mbili yangu.

Tarehe 15 Aprili

Ameagiza maboksi yote ya toleo la kijani, ishirini na mawili. Fundi alinitazama juu ya kaunta alipokuwa anayafunga, na mimi nikatazama sakafu.

Tarehe 16 Aprili

Anapiga mluzi bafuni.

Tarehe 22 Aprili

Mazoezi. Kwa kalipa ishirini na tatu, kwa mdomo kumi na tatu.

Tarehe 26 Aprili

Ishirini na tano. Nikasema kumi na nne, nikasingizia upepo.

Tarehe 29 Aprili

Mafuriko barabara ya chini, hatukutoka. Alimwaga chai nje ya kikombe. Akasema kikombe ni kidogo.

Tarehe 3 Mei

Leo mkunga aliniomba nimpimie na yeye. Kumi kwa bunduki ile ya zamani, risasi za kawaida za klabu: milimita kumi na moja. Ana miezi miwili tu tangu aanze. Alikuwa anarukaruka kama mtoto, anataka akamwonyeshe mzee. Nikamkamata mkono.

"Usimwonyeshe leo."

"Kwa nini, mama? Atafurahi, ni bunduki yake."

"Nimekuomba, mwanangu."

Alinitazama vizuri. Watu wa kazi yake wamezoea kusoma nyuso. Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni, na hakuuliza tena.

Zamani nilimwona mume wangu kama mtu mgumu ambaye hawezi kuambiwa. Nilikuwa naandika hivyo kichwani: hatakubali, atakasirika, ataumia. Leo narudi nyumbani naye kwenye matope, amenishika kiwiko ili asiteleze, nikaona kwamba nimemsingizia. Hajanikatalia kitu kwa sababu sijamwambia kitu. Anayeogopa ni mimi. Ninaogopa kuwa mke wa kipofu, na nilipoliandika neno hili hapa nimelia mpaka wino umechafuka.

Nitamwambia baada ya shindano. Siku ishirini na tano, basi. Acha apate siku yake.

Tarehe 11 Mei

Mvua. Mvua. Mvua.

Tarehe 19 Mei

Ameuliza kama nimepunguza taa za sebuleni. Sikupunguza.

Tarehe 28 Mei

Shindano la kufunga msimu.

Asubuhi nilimpigia pasi shati, nikamfunga vifungo mwenyewe. Klabu nne zilikuja. Siku ya shindano sipimi mimi, wanapima waamuzi, na hilo nilikuwa nalijua siku zote na nikalipuuza kwa namna ambayo leo siielewi. Alipangiwa mkeka wa sita. Wa saba alikuwa mkunga.

Kila mtu ana karatasi sita, risasi kumi kila moja. Karatasi ya kwanza nilikuwa nyuma ya kamba na darubini ya klabu. Matundu yake yalikuwa yametapakaa mpaka miduara ya nje. Ya pili hivyo hivyo. Watu walianza kutazamana. Mmoja akasema mzee amebadili bunduki, bado hajaizoea, na nikamshukuru moyoni yule mtu nisiyemjua.

Karatasi ya tatu. Mwamuzi alirudi nazo akazihesabu, akahesabu tena, akamwita mwenzake. Ya mkunga ilikuwa na matundu kumi na matatu. Ya mume wangu ilikuwa na saba. Alikuwa amepiga tatu kwenye karatasi ya jirani. Kwenye mchezo huu hilo ni kosa la mtoto wa siku ya kwanza, na uwanja wote ulisikia likitangazwa.

Mkunga akasimama haraka. "Jamani, nadhani ni mimi. Nilichanganyikiwa, nimepiga zaidi."

Mume wangu akainuka mkekani polepole, akageukia ilikotoka ile sauti, kidogo pembeni ya alipokuwa amesimama mkunga.

"Mwanangu, ahsante," akasema. "Lakini usinionee huruma kwenye karatasi. Karatasi ndiyo kitu pekee hapa kisichonionea huruma." Halafu kwa mwamuzi: "Ni zangu. Andika."

Akafungua bolti, akatoa risasi, akaiacha bunduki mkekani kama sheria inavyotaka, akavua viziba masikio. Akasimama pale hajui aelekee wapi. Nilivuka kamba, hairuhusiwi, na hakuna aliyenizuia. Mkunga akashinda kwa bunduki ya zamani, nilisikia makofi tukiwa tumeshafika getini.

Jioni, nyumbani, akasema, "Katikati hakuna kitu, bibie. Nikilenga, katikati pana doa. Nikikutazama wewe naona nywele na mabega, uso hakuna."

Kesho kutwa tunakwenda kwa daktari wa macho. Nimepiga simu mimi.

Tarehe 30 Mei

Hatukuonwa, daktari hayupo. Tumepewa tarehe 3.

Tarehe 3 Juni

Daktari ni mwanamke wa makamo, anaongea taratibu na hazungushi. Alimpa karatasi yenye mistari iliyonyooka, miraba miraba, akamwambia aichore jinsi anavyoiona. Mume wangu, mpimaji wa ardhi, mtu aliyenyoosha mipaka ya watu maisha yake yote, alichora mistari iliyolegea kama kamba ya nguo, na katikati akaacha pengo.

Akaangalia ndani ya jicho kwa mashine muda mrefu. Kisha akatukalisha. Nyuma ya jicho, kwenye ile sehemu ndogo ya katikati inayosoma na kutambua nyuso, mishipa midogo ilianza kuvuja. Ikiwahiwa kuna sindano, inapigwa kila mwezi, huzuia. Sasa pameshakuwa kovu. Ya pembeni ataendelea kuona, atatembea, hatajigonga. Katikati haitarudi.

"Aliwahi kulalamika kwamba vitu vilivyonyooka vimepinda?" akaniuliza. "Au mviringo haukai sawa?"

Nilifungua mdomo. Nikamwona mchapishaji wetu mlevi. Nikasema ndiyo, Machi.

"Machi," akasema daktari. Akaandika. Hakutaka kusema zaidi, lakini nilimuuliza, nilitaka nipigwe nalo. Akajibu kwamba Machi, hata katikati ya Aprili, angekuwa na kitu cha kuokoa. Pengine kingi.

Mume wangu akashukuru, akatafuta fimbo ambayo bado hatujanunua, mkono ukashika hewa.

Tarehe 4 Juni

Sikulala. Sikushona. Wateja wamegonga wakaondoka.

Tarehe 6 Juni

Mkunga amekuja na bunduki ya zamani kwenye begi lake, anataka kumrudishia. Mume wangu amekataa kwa upole. Amempa na maboksi ya kijani yaliyobaki, kumi na saba, akamwambia ayajaribu. Amemfundisha nusu saa nzima jinsi ya kupumua kabla ya kufyatua, kwa maneno tu, macho yameelekea ukutani.

Tarehe 9 Juni

Mvua imekwisha. Leo nimemwambia.

Nilimkalisha kibarazani, nikamwekea chai, nikaanza na jiliwa. Kwamba fundi alifunga bunduki yake ya zamani tarehe 12 Machi, kwamba ilipiga tisa, kwamba aliniambia nimpeleke akaonwe macho na nikasema nitamwambia. Halafu vipimo. Nilichukua daftari nikamsomea moja moja, kilichosemwa na kalipa na nilichosema mimi. Ishirini na mbili, kumi na tisa. Ishirini na tatu, kumi na tatu. Nilitaka anipige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

Alisikiliza mpaka mwisho, uso ameuelekeza pembeni kidogo, ndivyo anavyonitazama siku hizi.

"Ile ya boksi la kijani umeiruka," akasema. "Ile kumi na mbili."

Nilikuwa nimeiruka kweli.

"Ilikuwa ngapi?"

"Ishirini na moja."

Akaitikia kwa kichwa. Akafikiri. Alipozungumza hakuwa na hasira hata kidogo, ni afadhali angekuwa nayo.

"Nilijua jicho lina kitu. Tangu Februari nilijua, nikaogopa. Nikasema mtutu. Lakini mwezi wa nne nikapiga moyo konde, nikaweka miadi kwa huyuhuyu daktari, bila wewe kujua. Ilikuwa tarehe kumi na nne, asubuhi. Ile jana yake nikajiambia nipige kumi za mwisho, bibie apime. Wewe hukosei kupima. Ikiwa mbaya, nakwenda. Ikiwa nzuri, basi ni woga wangu tu." Akapapasa meza. "Ukasema kumi na mbili. Nikarudi nyumbani, nikapiga simu, nikawaambia wampe mtu mwingine ile nafasi."

Mkono wake uliendelea kupapasa.

"Chai umeiweka upande gani?" akauliza, nikaisogeza mpaka ikagusa vidole vyake.